Kaye Yangu ya Nyayo za Watu

Kuna siku moja ya mvua, mwanangu, ambayo hata leo, mvi zikiwa zimejaa kichwani, bado inakuja kunitembelea bila kubisha hodi. Kaa karibu nikusimulie, kwa sababu nimesikia wanasema na wewe una kitu kimoja tu unachokipenda hadi unasahau kula. Mimi pia nilikuwa hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, hapa hapa Nyabiondo. Wasichana wenzangu walipenda kuruka kamba na kusukana nywele. Mimi nilipenda nyayo. Usicheke. Nilipenda nyayo kama mtu mwingine anavyopenda sukari.

Ugonjwa huo aliniambukiza mjomba wangu Bahati, kaka ya mama, mwindaji wa msitu wa Walikale. Alianguka kutoka juu ya mti akifuata asali, mguu ukavunjika, wakamleta kwetu wakimbeba kwenye kipoyi, ile machela ya miti. Alikaa majira mazima, mguu umefungwa kwa vijiti. Mtu aliyezoea kutembea siku tatu msituni ukimlaza mkekani, kazi inayombaki ni kuongea. Msikilizaji nikawa mimi. Alinifundisha kwamba kila kinachopita kinaandika, na mjinga ni yule asiyejua kusoma. Alinifundisha kubonyeza ukingo wa udongo kwa kidole ili nijue kama mnyama amepita asubuhi au jana, na kutazama kina ili nijue kama ana mzigo au ana mimba.

Lakini kwetu mlimani hakukuwa na wanyama wa msitu. Kulikuwa na mbuzi na watu. Mbuzi niliwamaliza kwa juma moja, kisha nikageukia watu.

Nilichukua daftari la shule, kaye ya hesabu, nikaligeuza nyuma na kuanza kuchora. Kila mtu ukurasa wake. Mwenye duka, mabote ya mpira, kisigino cha kulia kimelika. Mwalimu, kiatu cha ngozi, anakanyagia upande wa nje. Nilikwenda kisimani kabla ya wenzangu, si kwa bidii ya kazi, bali nikute njia haijafutwa. Mwalimu alinikuta mara nyingi nimeinama barabarani, kengele imeshalia zamani. Baada ya miezi michache hakuna mtu aliyepita kwetu nisimjue kwa unyayo wake, na mwenye macho, wanasema, haambiwi tazama.

Watu wakaanza kunishuku. Unajua mwenyewe, udongo wa unyayo huku kwetu si kitu cha kuchezea. Mwenye nia mbaya akiuchota, wazee wanasema, anaweza kumfunga mtu nao. Jirani yetu mmoja alikuwa akiniona tu, anamtanguliza mtoto wake na yeye anabaki nyuma kufuta nyayo za mtoto kwa tawi. Mama aliniita jikoni akanionya.

“Acha kuinama-inama mu njia,” alisema. “Kesho watasema weye iko mulozi, na mimi sitakuwa na kinywa ya kuwajibu.”

Nikamwitikia, lakini sikuacha. Nikuambie ukweli ambao sikumwambia mama: kushukiwa kulinipa raha. Mtoto asiyekuwa chochote anaanza kuogopwa na watu wazima, mwanangu, hiyo ni pombe kali. Na mimi nikaanza kuwashuku wao. Nyayo za fulani zinafanya nini nyuma ya nyumba ya fulani? Mbona yule amepita njia ya chini wakati ya juu ni fupi? Jicho linalotafuta kosa halirudi mikono mitupu.

Sasa, siku yenyewe. Akina mama wa kanisa letu dogo walikuwa wakiweka mbegu ya maharagi pamoja, gunia moja, katika chumba kidogo nyuma ya kanisa. Kila mama alikuwa amechangia chake, na wakati wa kupanda ukifika waligawana. Siku ya Jumatano mchana ilipiga mvua kubwa. Alhamisi asubuhi wakaenda kugawana, mama yangu akiwemo, na mimi nikamfuata. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri. Wakafungua. Gunia halikuwepo.

Nisikudanganye, hakuna aliyepiga kelele. Walisimama tu wakitazama pale lilipokuwa. Kukosa mbegu wakati wa kupanda ni kuona njaa ya miezi ijayo imesimama mbele yako. Kisha wakaanza kutazamana. Funguo zilikuwa mbili. Moja ilikuwa kwa katekista, Papa Anzelemi, ambaye alfajiri hiyo hiyo alikuwa ameondoka na mke wake kwa pikipiki kwenda Walikale, ndugu yake akiwa mahututi. Ya pili ilining'inia ndani ya kanisa, nyuma ya mlango, na kila aliyekuja kufagia angeweza kuifikia. Jumatano alifagia nani? Mama Feza.

Mama Feza alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Kwao ni Kirolirwe, kule kwenye malisho ya ng'ombe. Huku aliletwa na ndoa, mume akafa, akabaki. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mtu asiyesema sana, watu humsemea.

Mama mmoja, yule yule wa tawi, akanigeukia. “Weye njo unajua miguu ya watu,” alisema. “Angalia basi.”

Unaona? Jana mulozi, leo shahidi. Wakanipisha. Nikachuchumaa chini ya paa, mahali ambapo matope hayakuoshwa, na nikaziona nyayo mara moja. Zilikuwa kambambili, zile ndala za plastiki, ya kushoto ina kiraka cha mpira wa baiskeli kilichoshonwa kwa waya, kinaacha vitone vitatu. Ukurasa huo niliujua kwa moyo. Zilikuwa za Mama Feza. Ziliingia chumbani na kutoka, na zilipotoka zilizama sana, kama za mtu aliyebeba mzigo.

Lakini niliona kitu kingine, mwanangu, na hapa ndipo nataka unisikilize. Nyuma ya kila alama ya kambambili kulikuwa na alama ya kisigino kilichozidi kiatu, karibu vidole viwili. Huo ulikuwa mguu mkubwa ndani ya kiatu kidogo. Mama Feza alikuwa mwanamke mdogo. Niliiona alama hiyo. Nikajiambia ni matope tu yameteleza. Wamama wote walikuwa wameniinamia, wakisubiri neno langu, na sikutaka kuwapa neno lenye “lakini” ndani yake.

Nikasema ni Mama Feza.

Walimwita. Akasema alifagia tu, na kambambili aliziacha mlangoni asichafue ndani, na alipomaliza alizikuta zimelowa na kujaa matope, naye akashangaa. Wakamcheka. Viatu vinajitembeza vyenyewe? Wakaenda kutafuta nyumbani kwake, wakakuta maharagi kwenye chungu. Niambie wewe, ni nyumba gani ya huku kwetu Masisi utakosa maharagi kwenye chungu? Lakini siku hiyo maharagi hayo yalikuwa ushahidi. Lisemwalo lipo, walisema. Methali hiyo, mwanangu, imeumiza watu wengi kuliko mapanga.

Jioni nilimhadithia mjomba, kifua mbele. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

“Muguu ilikuwa inaenea mu kiatu?”

Nikamjibu, “Ndiyo, mjomba. Inaenea, inatosha sawasawa.”

Naye hakuweza kusimama aende kujionea. Mvua ikarudi jioni ile ile ikafuta kila kitu. Kuanzia hapo ukweli ulikuwa umeandikwa mahali pamoja tu, ndani yangu, na mimi nikaufunga.

Mama Feza alitolewa katika kundi la akina mama. Akipita, watu walianua vitu vyao uani. Watoto wake waliitwa watoto wa mwizi shuleni, na mimi nilisikia. Jumapili kanisani alikaa na wanawe peke yao kwenye benchi, kushoto hakuna mtu, kulia hakuna mtu. Siku ya sita alifunga vitu vyake akaondoka na watoto kurudi kwao Kirolirwe. Kambambili zake alizitupa mlangoni. Aliondoka miguu mitupu.

Nilikwenda kutazama. Desturi ilikuwa imeshanishika. Na hapo njiani, kwenye udongo laini, niliuona kwa mara ya kwanza mguu wake wenyewe bila kiatu. Ulikuwa mdogo, ungeweza kuufunika kwa kiganja chako. Nikajua bila shaka yoyote. Walikuwa bado karibu, ningeweza kukimbia nikawafikia kabla ya daraja. Sikukimbia. Nilirudi nyumbani nikamenya mihogo.

Juma moja na nusu baadaye, Papa Anzelemi akarudi. Aliuliza kwa nini mashamba ya akina mama bado yako vile vile wakati wenzao wameshapanda. Wakamweleza habari za wizi. Yule mzee aliweka mkono kichwani.

“Mbegu iko kwangu,” alisema. “Ku dari, juu ya moto.”

Mvua ile ilipokuwa inapiga, paa la kile chumba lilivuja. Yeye alikuwa kanisani. Akatoka mbio, akaingiza miguu katika kambambili za kwanza alizozikuta mlangoni, akafungua kwa ufunguo wake, akabeba gunia mpaka jikoni kwake ili moshi uikaushe mbegu, kisha akazirudisha kambambili mlangoni. Mama Feza alikuwa anafagia mbele kwenye altare na mvua inapiga mabati, hakusikia kitu. Jioni Papa Anzelemi akaletewa habari ya ndugu yake, na alfajiri akaondoka na mke wake. Yeye alidhani mke wake amewaambia akina mama. Mke alidhani mume amewaambia. Wizi haukuwepo, mwanangu. Hapakuwa na mwizi hata mmoja, na bado mtu alikuwa ameshaadhibiwa.

Hakuna aliyenisema kwa kinywa. Walinitazama tu, kisha wakatazamana, na kila mmoja akakumbuka alichokisema yeye mwenyewe.

Nyumbani mjomba aliniita. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tena lile swali la mguu na kiatu, na safari hii nilimwambia ukweli wote: kisigino, unyayo mdogo wa njiani, na daraja ambalo sikulifikia. Kisha akanipa maneno ambayo nimeyabeba mpaka uzeeni.

“Nyama ya pori, ukimusoma mubaya, weye njo unalala njaa. Muntu ukimusoma mubaya, yeye njo analala njaa. Hauko na haki ya kusoma watu vile unasoma nyama.”

Akaagiza niende kusema mwenyewe. Tulitembea siku mbili, mimi, mama, na mama mmoja wa kundi, nikiwa nimebeba kikapu chenye fungu la mbegu la Mama Feza. Tulimkuta Kirolirwe kwenye boma la kaka zake. Alitukaribisha. Alitupa maziwa, nami nikayaweka chini. Nilipiga magoti nikasema yote.

Aliniuliza neno moja. “Ulijua?”

Nikasema, “Nilijua, Mama.”

Akatikisa kichwa polepole. Alinishukuru kwa kusema, na akaniinua kutoka chini kwa mkono wake. Mama yangu akamsihi arudi, kundi lote linamwomba, nyumba yake ipo. Akasema mbegu turudi nayo, saa ya kupanda imeshapita.

“Kinyongo sina,” alisema. “Lakini watu wenye waliamini mabaya yangu siku moja tu, siku ingine wataamini tena. Siwezi kulala kati yao.”

Hakurudi. Mwaka huo hakurudi, na mwingine hakurudi, na sikumwona tena.

Sasa wewe utadhani kwamba niliacha nyayo. Sikuacha. Kitu Mungu alichokupendesha tangu utoto hukitoi kama shati. Mpaka leo ng'ombe akipotea, hata kule kijiji cha Nyamitaba, wananitafuta, na nimerudisha wengi. Lakini kila ninapojisikia nina hakika kabisa, hapo ndipo ninapoanza kujishuku mwenyewe.

Ninyi vijana hamwinami tena barabarani. Mnainamia simu. Mtu anapiga picha ya jirani amesimama mahali fulani, anaongeza sauti yake, na kabla ya mahindi kuchemka Masisi yote na Walikale yote wameshajua nani mbaya. Mvua haifuti yaliyo kwenye simu. Mimi nilihitaji wamama kumi na wawili kumfukuza Mama Feza. Wewe unahitaji kidole.

Basi shika haya. Penda unachokipenda, mwanangu, kijue mpaka ndani, asikuzuie mtu. Ila siku maarifa yako yatakapoligusa jina la mtu, anza kusema kile kisichoenea, kile kinachokataa, hata kama watu wote wamekuinamia wakitaka uwape neno safi. Usipokuwa na hakika, sema huna. Ukikosea, kimbia urekebishe wakati mtu bado yuko njiani, maana akishafika kwao, msamaha unaweza kuupata na yeye usimpate. Neno likishatoka halirudi, lakini mwenye neno anaweza kulifuata mbio.

Mungu wa baba zetu akupe jicho linaloona na moyo unaoona aibu mapema. Akuzidishie rafiki wa kukuuliza swali moja gumu, na akupe nguvu ya kumjibu kweli. Jina la mtu lisiangukie kinywani mwako likavunjika, na jina lako wewe lipite salama katika vinywa vya watu wa milima hii. Nenda na amani.