Nilivyomkalimania Mtaalamu wa Kisima

Ndugu zangu, kijiji kizima cha Masaki hakuna anayenizidi Kiingereza, mimi mwalimu wao. Ukisema "look" kisha "for", unatafuta. "Look after", unatunza. "Look into", unachunguza. Mambo hayo ninayo kichwani.

Basi juzi kijiji chetu cha ujamaa kilipopata mtaalamu wa visima kutoka Uchina, sikungoja kuombwa. Nikachomekea shati, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba tunatafuta maji, kisima tutakitunza, naye auchunguze udongo. Vitenzi vyote vilikaa mahali pake! Mgeni akaitikia kwa kichwa, akatabasamu.

Nikawageukia wanakijiji. "Amekubali! Anasema kisima kichimbwe pale shuleni." Ndipo ninapoishi. Makofi yakalia, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikainama kidogo kama waziri.

Mwenyekiti wetu, Mzee Kibwana, akainuka kushukuru. Mgeni akamwahi kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, mzee. Mimi nilifundishwa Kiswahili tu, Kiingereza sikijui hata kidogo. Ndugu mwalimu alikuwa anasema nini?"

Uwanja mzima ukanigeukia. Nikachomekea shati upya.