Fizibli Isiyo na Kazi

Saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, jirani yangu, mama mwenye teksi, aliingia uani kwangu Mulongwe, ninapotengeneza umeme wa magari, akiwa na dola themanini na tano kwenye pindo la kitenge. Fundi mwingine alikuwa amemwambia kwamba sonda ya gari imekufa, ile inayochomekwa kwenye bomba la moshi, na kwamba nyingine ingepatikana Bujumbura tu. Pesa hizo zilikuwa za kukodi shamba la mpunga Bwegera. Mwenye shamba alikuwa anazingoja mpaka jioni; baada ya hapo angempa mtu mwingine.

"Papa, minye nafika mupakani sasa hivi. Uniandikie tu jina ya icho kitu, wasinidanganye."

Nilimwomba nusu saa. Dereva wake alileta gari, taa ya njano ya injini ikiwaka kwenye dashibodi. Kifaa changu cha kusoma makosa ya injini kilitaja kipasha joto cha sonda. Sonda ikiwa baridi haipimi moshi sawasawa, na injini hunywa petroli kupita kiasi. Ndiyo sababu imewekewa kipasha joto ndani yake.

Nilichomoa plagi ya sonda, nikapima nyaya mbili za kipasha joto: ohm kumi na tatu. Kilikuwa kizima. Niliwasha kontakti kwa ufunguo, nikapima upande wa gari: sifuri. Umeme haukuwa unafika.

Kwenye sanduku la fizibli, yaani fyuzi, nafasi moja ilikuwa tupu.

"Hapa palikuwa na nini?" niliuliza.

"Iyo?" dereva alisema. "Iyo ilikuwa ya bure, papa. Klaksoni ilikufa Kavimvira, fizibli yake iliungua, nikawasha moteri, nikaanza kuchomoa moja moja. Iyo nilitoa, moteri haikuzima. Nikaona iko inakaa tu, haina kazi. Nikaitia kwa klaksoni."

"Na taa ya njano iliwaka lini?" mama aliuliza.

"Siku ile ile. Lakini klaksoni ililia, mama!"

"Weye! Shamba yangu iende juu ya kupiga makelele?"

Nimekuta nafasi hiyo tupu katika teksi nyingine tatu. Huku gari huenda bila vitu vingi, lakini bila klaksoni haliendi.

Dereva alinunua fizibli ya ampea kumi na tano, kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku. Nilipoichomeka, volti kumi na mbili zilifika kwenye plagi. Nilifuta kosa, tukaacha injini ingurume dakika ishirini. Taa haikurudi.

Mama alipanda teksi yake, akaelekea Bwegera. Fizibli ilikula franki elfu moja. Zile dola themanini na tano zilimfikia mwenye shamba kabla ya saa saba.