Kidole cha Nne cha Medikusi

Enzi zetu, sisi watoto wa kambi ya reli hapa Kindu, tulilala kifudifudi tukabandika sikio kwenye chuma. Mwenye kusikia treni wa kwanza alipewa ndizi ya kuchoma. Chuma kilikuwa cha moto, kinanuka mafuta. Nilishinda mara nyingi mpaka sikio likatoa usaha, mama akanikokota kwa Papa Anselme. Mnisamehe, nimechoka, maneno yanakuja yanavyotaka.

Papa Anselme alikuwa infirmie, yaani muuguzi, wa dispanseri. Alisoma seminari, akaiacha kwa ajili ya mwanamke wa Pangi, akabaki na Kilatini chake. Sisi tulimwita Medikusi. Mwenyewe njo alitufundisha: Waroma walimwita hivyo munganga, na neno limetoka kwenye kutunza na kupima kwa akili. "Kuwa na dawa haitoshi," alisema. "Munganga anamufikiri mugonjwa." Kidole cha nne, cha pete, nacho Waroma walikiita hivyohivyo, maana waganga wao walikoroga dawa nacho. Yeye alikisugua kwa ndimu kila asubuhi, akakoroga nacho. Basi na sisi tukakoroga matope kwa kidole cha nne, mama anapiga kelele: "Wee watoto! Na sombe mutakula na kidole kimoja?"

Siku hizi mjukuu wangu akipata homa anauliza telefone. "Koko, inasema ni malaria." Telefone yenyewe ina joto kumupita! Na docteur wake anaandika karatasi bila kuinua macho. Dawa ziko, sikatai. Lakini nani anakaa akufikiri? Nikimkorogea kwa kidole cha nne anaruka: "Koko, microbe!"

Narudi. Vita ile ya kwanza baada ya uhuru ilipotukuta, sisi tungali watoto, treni ikanyamaza. Mdogo wangu Salima akashikwa na homa, macho yakageuka. Medikusi akaja na vidonge vyake viwili vya mwisho vya kinini. Akaviponda, akakoroga kwa kidole chake, akamnywesha. Kisha akakaa kwenye kigoda mpaka kukacha, mkono juu ya paji la mtoto.

Mama akasema, "Papa, pumzika. Dawa imeisha."

"Dawa imeisha, Mama Salima. Mimi sijaisha."

Asubuhi homa ilikuwa ingali juu. Akamwambia mama anafuata reli mpaka stesheni ya pili, kwa infirmie mwenzake, kuomba kinini. Mama akamkataza, njia ina askari. Akasema atafika upesi. Akapanda juu ya mbao za reli, akikanyaga moja baada ya moja, kidole kingali cheupe kwa unga.

Saa sita Salima akatoka jasho, akaomba uji. Nikakimbia relini nimwite arudi, nikabandika sikio. Chuma kilikuwa cha moto kama zamani. Sikusikia mguu wake, wala siku ile wala nyingine.