Kibali cha Mama Annick

Jeanine hajui kutulia. Hata kanisani utamwona anatoka mara tatu kwenda kuangalia kama upepo haujaipindua sahani yake ya intaneti. Iko juu ya bati lake hapa Kakuma, inaongea moja kwa moja na setilaiti za kampuni fulani ya ng'ambo, na ndiyo inayomsomesha binti yake Annick chuo cha mbali.

Basi ikaja barua ya serikali: kila mwenye sahani afike Lodwar kabla ya Ijumaa akiwa na kibali, la sivyo izimwe. Sisi wakimbizi tukisikia kibali tunajua kimoja tu, karatasi ya kuruhusiwa kutoka kambini. Jeanine akaifuatilia siku kumi na moja, halali, hali, anagombana na kila mtu, mimi jirani yake nikiwemo. Ilipotoka ilikuwa ya Alhamisi, siku ileile ya mtihani wa mwisho wa Annick, saa tatu mpaka saa sita. Mtandao ukikatika katikati, mwaka mzima umekwenda na maji. Akaondoka hivyo hivyo, akamwacha Annick peke yake nyumbani.

Kule ofisini alimkuta afisa anaitwa Etabo. "Ejok," akamsalimia kwa Kiturkana, akamwekea karatasi mezani.

Etabo akaisoma, akaigeuza. "Mama, hiki ni cha wewe kutembea. Mimi nataka cha setilaiti."

"Setilaiti nayo inaomba kibali?"

"Kampuni yake ndiyo inayoomba. Haijapewa ruhusa ya kuuza huduma Kenya."

Hapo Jeanine akawaka. "Bwana, hicho chombo kinapita juu ya Burundi, Kongo, Sudan, hakuna anayekisimamisha. Mimi kufika Lodwar tu nimengoja siku kumi na moja. Kosa la wenye setilaiti, adhabu ya Jeanine?"

Etabo si mtu mbaya. Alikiri kwamba kampuni iko mbali na barua hawajibu. Iliyo karibu ni sahani. "Lakini sheria ni sheria, mama. Piga nyumbani waizime sasa hivi, nikisikia."

Ilikuwa saa tano. Jeanine aliniambia alikosea namba mara ya kwanza. Akapiga, simu ikaita mpaka ikakatika.

"Hapokei."

"Piga tena."

Akapiga tena, amefumba macho, akimwomba Mungu mtoto wake asipokee.