Cornelius Tuohy na Viazi vya Mwezi wa Tatu

Cornelius Tuohy alikuwa mtu mwema, mchapakazi, asiyemwonea mtu, lakini kichwa chake, jamani, kilikuwa kigumu kuliko mawe ya kwao Clare, kule ng'ambo ya bahari. Wajukuu zake ndio wasemao hivyo, tena kwa kujivunia, maana kila mmoja wao amekirithi. Ukitaka Tuohy afanye jambo, mwambie asilifanye. Hilo Koroit nzima inalijua.

Aliingia huku Koroit, katika koloni la Victoria, kusini kabisa mwa dunia, mwezi wa kwanza mwaka 1857, akiwa na miaka ishirini na sita. Kabla ya hapo alikuwa amebeba magunia kwa miaka minane katika bandari ya Liverpool, akila kidogo na kuweka kidogo. Akakodi ekari kumi na mbili chini ya kilima, udongo mweusi ti, ule ukiuminya mkononi unashikana kama unga uliokandwa. Wenyewe wa asili wa ardhi ile walikuwa wamekwisha kusukumwa pembeni na wafuga kondoo, na Cornelius, ambaye kibanda cha baba yake kilibomolewa na watu wa mwenye shamba huku yeye akitazama, hakuuliza walikwenda wapi. Hilo nalo lisemwe. Alijenga chumba kimoja cha miti na udongo, akaezeka kwa magome, akamwendea Padri Slattery amwandikie barua, kwa kuwa yeye hakujua kuandika zaidi ya jina lake.

Barua ilikuwa ya Sabina, dada yake. Katika watu saba wa nyumba ile ya Clare, njaa kuu ilibakiza hao wawili tu. Sabina alikuwa mtumishi kwa mwenye duka mmoja kule, analala jikoni, anakula makombo lakini anakula. "Njoo," barua ilisema. "Nyumba ina paa, na cheti cha safari ya meli ya mwezi wa kumi kimo humu ndani." Toka siku ile barua ilipoondoka, Cornelius hakuwa na jambo jingine moyoni. Alichonga kitanda cha pili, akakitandikia, kisha kila jioni anakikung'uta vumbi ingawa hakikuwa na mtu.

Ikaja tarehe kumi na saba ya mwezi wa tatu, sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Kule Clare siku hiyo kila mwenye kijishamba hupiga ishara ya msalaba na kukitia kiazi chake cha kwanza ardhini. Baba yake alifanya hivyo, na babu, na waliomzaa babu. Basi Cornelius akaamka, akanunua gunia la viazi, akainua matuta marefu yaliyonyooka, akaanza kupanda huku akiimba.

Jirani yake, mjane aitwaye Honora Meskell, alikuwa akipita na ndoo zake za maziwa. Mama huyu alikuwa na miaka minane katika nchi hii, na ulimi wake haukuwahi kupumzika hata siku moja katika hiyo miaka minane. Akasimama penye ua.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Napanda viazi, Bi Meskell. Leo si Mtakatifu Patrick?"

"Ndiye. Na mimi leo navuna vyangu."

"Basi umechelewa kuvuna."

Honora alicheka mpaka akaweka ndoo chini. "Ee Mungu wangu! Mtakatifu Patrick hajafika huku, mwanangu. Huku mambo yote miguu juu. Hili jua unaloliona ndilo linaloaga, baridi iko njiani. Kaa na viazi vyako mpaka mwezi wa kumi."

Sasa mtu mwingine angeuliza swali. Lakini Cornelius alikuwa amechekwa sana Liverpool, kwa viatu vyake, kwa matamshi yake, kwa kila kitu, na kicheko kilikuwa kinamwasha kama upupu. Akaona anafanywa mjinga mbele ya viazi vyake mwenyewe.

"Baba yangu alipanda siku hii. Babu yangu alipanda siku hii. Na hawakuwa wajinga."

"Nani kasema wajinga? Nimesema walikuwa Clare."

"Siku njema, Bi Meskell."

"Haya, bwana. Asiyesikia la mkuu…" alisema Honora, akabeba ndoo zake akaenda zake.

Miezi mitatu mizima Cornelius hakumsalimia. Wakikutana kanisani, anageuza uso kuzitazama sanamu kama ndiyo kwanza anaziona. Na nchi yenyewe, kusema kweli, ilimsaidia kujidanganya. Alipofika, nyasi zilikuwa zimekauka kwa jua. Mwezi wa nne mvua ikaanza, nyasi zikawa kijani kibichi, na miti ya huku haipukutishi majani hata baridi ikichacha. Macho ya mtu wa Clare yakiona kijani baada ya ukavu, yanasema majira mema ndiyo haya. Viazi vilichelewa mno kuota, akasema udongo haujamzoea. Mwezi wa tano vikachomoza, vikanenepa majani, na Cornelius akawa anatembea kati ya matuta mikono nyuma, kama askofu.

Mwezi wa sita akaitwa na jamaa fulani kwenda kupasua nguzo za ua, kazi ya siku mbili upande wa pili wa kilima. Alirudi Jumapili baada ya misa, jua limekwisha panda, umande umekauka. Akafungua lango.

Shamba lote lilikuwa jeusi. Majani aliyoyaacha yamesimama yalikuwa yamelala juu ya matuta, meusi, malegevu, kama matambara yaliyolowa.

Hapa lazima niseme kwamba Cornelius hakuwa mwoga. Lakini akiwa na miaka kumi na mitano, asubuhi moja huko Clare, baba yake alimtuma akachimbe viazi vya chakula cha mchana, akakuta majani yamekuwa meusi vivyo hivyo. Akaingiza mkono ardhini, ukazama katika uozo kama usaha, na uvundo wake ukamfuata mpaka nyumbani. Yeye ndiye aliyempelekea mama yake habari. Watu watano walizikwa baada ya habari ile, na moyoni mwake alikuwa amebaki na wazo la kijinga, lakini ni lake, kwamba yeye ndiye aliyeileta. Wazee husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Cornelius hakugusa jembe wala hakuinama. Aligeuka, akaenda mbio maili sita mpaka kwa Padri Slattery.

"Andika, Padri. Mwambie asije."

"Polepole, mwanangu. Kuna nini?"

"Vimekuwa vyeusi. Viazi. Umefika huku."

Padri Slattery alikuwa mtoto wa mwenye duka wa mjini Limerick. Kiazi alikijua kikiwa kwenye sahani. Alipiga ishara ya msalaba, akachukua kalamu, akaandika kama alivyoambiwa: "Sabina, usije. Viazi vimekuwa vyeusi huku pia. Kirudishe cheti. Kaa hapo ulipo penye makombo, na uniombee." Jumatatu asubuhi gari la farasi likabeba barua ile kwenda bandarini.

Jumanne Honora Meskell akamwona kijana anafunga blanketi lake kwa kamba. Miezi mitatu ya kununiana ikaishia hapo, maana mama huyu aliruka ua, sketi na vyote.

"Unakwenda wapi?"

"Popote."

"Popote ni wapi? Nani anahama katikati ya baridi?"

Cornelius akaelekeza kidole shambani. "Ni ule ugonjwa, Bi Meskell. Umenifuata." Machozi yakamtoka mtu mzima yule, wala hakuyafuta.

Honora alikuwa amekuja na maneno yake tayari, yaani alikuwa ameyahifadhi tangu mwezi wa tatu. Hakuyasema hata moja. Mwaka arobaini na saba na yeye alizika watoto wawili katika shimo moja, siku moja. Akachukua jembe lililoegemea ukuta.

"Njoo."

"Siwezi."

"Sikukwambia uchimbe. Nimesema njoo."

Akaenda mpaka tuta la kwanza, akakita jembe, akageuza udongo. Cornelius akafumba macho. Akasikia mama anahema, akasikia kisu.

"Nusa."

"Bi Meskell, nakuomba…"

"Nusa, Cornelius! Kinanuka nini?"

Akanusa. Akasubiri uvundo uje. Haukuja.

"Udongo," alisema.

"Basi fumbua macho."

Kiganjani mwa Honora palikuwa na kiazi kidogo, sawa na yai la njiwa, kimepasuliwa katikati, cheupe pe. Akachimba tena, vingine vitatu, vigumu, visafi, vinatoa maji kisu kikipita.

"Ni jalidi tu, mwanangu. Ijumaa usiku umande uliganda, ndoo yangu ya maji ilikuwa na barafu juu. Majani yameungua kwa baridi. Kiazi chenyewe hakina habari. Mwezi wa kumi utapanda tena, na safari hii utanisikiliza, au nitakupiga na hili jembe."

Cornelius alimkumbatia mama wa watu mpaka miguu ikaacha ardhi. Akacheka, akalia, akacheka tena. Kisha ghafla akamwachia.

"Barua!"

Alikimbia. Maili sita mpaka kwa Padri, akapewa farasi, akafika bandarini farasi anatoka povu. Meli ilikuwa imeng'oa nanga asubuhi ile ile. Ilikuwa bado inaonekana, kidogo tu, na hakuna mtu aliyeweza kuirudisha.

Padri aliandika barua ya tatu, kwa aibu na kwa herufi kubwa: "Njoo, njoo, viazi ni vizima." Lakini meli ya barua ilikuwa moja kwa mwezi, na njia ni karibu siku tisini. Kila mtu Koroit aliweza kupiga hesabu hiyo. Barua ya "usije" ingemfikia Sabina mwezi wa tisa, kabla hajapanda meli, na ile ya kuifuta ingemfuata mwezi mzima nyuma. Na Cornelius alimjua dada yake. Sabina aliiona njaa kwa macho yake akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba njaa iko mahali fulani, hawezi kwenda huko hata kwa kuvutwa na ng'ombe. Angekirudisha cheti siku hiyo hiyo, basi.

Mwezi wa kumi Cornelius alipanda, kwa mbegu za Honora na kwa amri za Honora, ambaye alisimama penye ua akitoa maagizo kama jemadari. Viazi vilitoa maua wakati wa Krismasi. Watu wakaja kuvisifu, akawashukuru, akawapa chai. Jioni aliendelea kukung'uta kile kitanda cha pili.

"Ataandika," Honora alimwambia.

"Hataandika. Ataona namwita kwenye kaburi, kisha namfukuza, kisha namwita tena. Ataniona mwendawazimu."

"Hapo hatakosea sana," alisema Honora, akamwongezea chai.

Mwisho wa mwezi wa kwanza, Cornelius alikuwa anachimba viazi vya kwanza, vile vyenye ngozi nyembamba inayotoka kwa kidole. Kikapu kilikuwa kimejaa. Gari la farasi likasimama langoni, akashuka mwanamke mwembamba sana, kofia yake imepauka kwa jua, amekumbatia mfuko kifuani. Hakutazama shamba. Alimtazama yeye tu, uso, mabega, mikono, kama mtu anayekagua mgonjwa.

"Cornelius."

"Sabina?" Jembe likamwanguka. "Ulipata barua yangu?"

"Ipi?"

"Ya kukuambia uje. Ya mwisho."

"Nilipata ya kuniambia nisije. Nyingine sijaiona."

"Sasa… mbona umekuja?"

Sabina akakasirika. Alikuwa amekaa baharini siku tisini na nne, na hakuja kuulizwa maswali ya kipumbavu.

"Mbona nimekuja? Umeandika viazi vimekuwa vyeusi, halafu unaniuliza mbona nimekuja! Ungekula nini? Nani angekuwa na wewe?" Akaufungua mfuko. Ulikuwa unga wa shayiri, umegeuka kijivu, umeshikana mabonge kwa unyevu, na wadudu wadogo wanatembea ndani yake. "Melini walitugawia kila wiki. Nilikuwa nakula nusu. Mwenzangu wa kitanda alinicheka njia nzima. Nikamwambia, cheka tu, nina kaka huko ana njaa."

Hapo ndipo alipoinua macho. Akaliona shamba, tuta baada ya tuta, kijani mpaka kilimani. Akakiona kikapu. Akaanza kuufunga mfuko haraka haraka, uso umemwiva kwa haya.

"Utawapa kuku," alisema. "Una kuku?"

"Sina," alisema Cornelius, na alikuwa nao kumi na wanne. "Leta."

Akamketisha mezani. Sufuria ya viazi ilikuwa motoni. Akaiepua, akaiweka nje nyuma ya mlango. Akateleka maji mengine, akapika uji wa ule unga, akaumimina katika bakuli, akaketi mbele ya dada yake. Sabina alikuwa akikifuata kila kijiko kwa macho, mpaka kinywani, mpaka kooni. Cornelius akala mpaka chini, wadudu na vyote, akalifuta bakuli kwa kidole, akalisukuma kwake aongezewe.