Mgeni wa Mke wa Fundi Saa

Enzi zetu majani ya chai yalingoja lori, nasi tulingoja pamoja nayo. Lori la kiwanda lilitakiwa kufika kituoni saa tisa, lakini barabara yetu, huku juu ya Bomet, ikinyeshewa kidogo tu iligeuka uji, na mara nyingi lilifika jua likiwa limezama. Kina mama walikaa juu ya magunia, wazee wakaegemea ukuta karibu na mizani, sisi watoto tukatafuna miwa iliyotoka Soin, kule bondeni, na kutemeana makapi. Mpaka leo nikifunga macho nasikia harufu ya majani mabichi yaliyoanza kupata joto ndani ya gunia. Vijana wa siku hizi wakingojeshwa dakika tano wanainamia simu kama waliodondosha sindano humo. Sisi tulikuwa na dada yangu Chelangat.

Chelangat alinipita miaka minane, na alikuwa na kitabu. Baba yetu alitunza bustani ya meneja mmoja wa shamba kubwa la chai, na meneja alipohama aliacha sanduku la vitabu. Vingi mama aliwashia moto jikoni. Kimoja kinene, kisicho na gamba la mbele, Chelangat alikiokoa, na kila alasiri alitusomea pale kituoni, akikigeuza kutoka Kiingereza hadi Kiswahili ili majirani waliotoka Kisii nao wafuate.

Kilisimulia viumbe kutoka nyota ya mbali, wasio na miili. Sheria yao ilikuwa moja: unaingia tu katika mwili ambao mwenyewe ameuacha. Mmoja wao aliingia ndani ya fundi saa aliyekufa kwa homa. Mkewe alikuwa akiuosha mwili, mara macho yakafunguka. Alilia kwa furaha. Baadaye akaanza kuona mambo. Mikono ilikuwa imesahau kutengeneza saa. Halafu kila asubuhi mume huyu alimwuliza amelalaje, jambo ambalo yule wa kwanza hakuliuliza miaka yote ya ndoa. Mke akajua huyu si wake, akanyamaza. Polepole akampenda yule mgeni, huku akiendelea kumwita kwa jina la marehemu.

Kituo kiligawanyika. Kina mama walitaka mgeni abaki. Karani wa mizani alisema mwanamume anayemwuliza mkewe amelalaje lazima kuna kitu amevunja. Mama, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya, alikiita kitabu cha mapepo, lakini siku za kusomwa hakuchelewa kuleta gunia lake. Aliyebaki ametulia ni Kogo, bibi yetu mzaa baba. Kwake hapakuwa na ajabu yoyote. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake humzunguka wakiita majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na jina atakalopigia chafya ndilo la aliyerudi ndani yake.

"Hiyo sisi tunajua kutoka zamani," Kogo alisema, akirekebisha leso. "Hawa watu ya nyota wamechelewa tu."

Mwaka huo Chelangat alipata nafasi chuo cha ualimu. Niliposikia nililia mpaka nikakataa chakula. Alinikalisha jikoni, akanimegea kimyet, ule ugali wetu wa wimbi, akanichovyea kwenye mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyu, akaniambia, "Wewe usilie. Siwezi enda kabla tumalize hiyo kitabu."

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na neno la dada yangu lilikuwa sheria. Basi kesho yake, alipokwenda mtoni, nilizitoa kurasa za mwisho, kama kumi hivi, nikazikunja ndani ya mfuko wa mbolea na kuzisukuma chini ya paa la ghala la Kogo. Kitabu kisichokwisha hakimruhusu mtu kuondoka. Ndivyo nilivyopiga hesabu yangu.

Siku alipofika pale nilipong'oa kurasa, watu wa nyota walikuwa wamekuja kumchukua mwenzao na mke amesimama mlangoni. Chelangat akageuza karatasi, akakuta gamba tupu la nyuma. Aliniangalia, wala si kwa muda mrefu. Halafu akaendelea kusoma, macho yakiwa juu ya lile gamba, kana kwamba maneno yamo. Alisema mke alimfungulia mgeni mlango, akamfungia chakula cha njiani, kwa kuwa mgeni hafungwi kwa kamba. Kina mama walifuta machozi. Wiki iliyofuata alibeba sanduku lake la bati akaenda.

Hakumaliza mwaka. Homa ya mapafu ilimchukua siku nne tu, akarudishwa nyumbani nyuma ya pikapu, na tukamzika upande wa juu wa shamba, chini ya mikalitusi. Sikuwa nimemwambia kuhusu zile kurasa. Kila nilipotaka kumwandikia barua niliona aibu, nikasema atakuja likizo.

Miaka mingi baadaye mke wangu alijifungua binti, alfajiri, ng'ombe hawajakamuliwa. Kogo alikuwa bado hai. Nilimwomba amwite Chelangat. Alisema msichana aliyekufa bila mtoto haitwi ovyo, lakini alinitazama usoni, akakubali. Alimwita mara tatu. Mtoto alilala kimya, mdomo wazi. Kogo akaita Taprandich, mama yake babu yangu, mwanamke ambaye hata sura yake siijui, na mtoto akapiga chafya kubwa mpaka wanawake wakacheka. Nilitoka nje nikasimama kwenye chai, na sikufurahi kama baba anavyopaswa kufurahi.

Hata hivyo nilimwita Chelangat. Majirani walinicheka, kwani Chelangat ni aliyezaliwa jioni, na wangu alikuja na alfajiri. Mama yake alimwita Chepkoech, yaani aliyezaliwa alfajiri, na cheti kikasema hivyo hivyo. Sikusikia la mtu. Alipokataa mursik nilisikitika, maana dada yangu aliipenda. Alipoongoza darasa katika hesabu nilimwambia shangazi yake alikuwa wa Kiingereza. Miaka kumi na minane nimemchungulia yule mtoto kama mtu anayechungulia dirishani kuona nani yumo.

Mwezi uliopita tulibomoa ghala la Kogo, naye Kogo ameshatangulia. Binti yangu ndiye aliyeuona mfuko wa mbolea. Alinijia na zile kurasa, zimekuwa za kahawia na kunusa moshi, akaniuliza ni za nini. Nilimweleza yote, tangu lori mpaka chafya. Sikuwahi kuzisoma. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akanisomea, akigeuza kutoka Kiingereza, polepole.

Mlangoni, mke wa fundi saa hakulia wala hakumshika mgeni mkono. Alimwuliza jina lake mwenyewe, lile alilotoka nalo kwao. Hakuwa amewahi kumwuliza. Mgeni akamwambia, yeye akalitamka mara moja, kisha mgeni akaondoka. Kwa hiyo aliondoka hata humo kitabuni. Ningeficha kurasa ngapi?

Binti yangu alizikunja akanirudishia. "Baba," alisema, "mimi si Anti. Nimejaribu tu kuwa yeye, juu yako."

Nililia mbele ya mtoto wangu, jambo ambalo baba yangu hakulifanya hata mazikoni.

Siku hizi kituo kina paa jipya, na lori linafika mapema. Mashine zinachuma chai kwenye mashamba makubwa, na watu wachache wanaongoja hapa kwetu kila mmoja ana waya masikioni, akitazama hadithi yake ya mapenzi peke yake. Hakuna wa kubishana naye kama mgeni abaki au aende. Pengine wana raha zaidi. Mimi nayakumbuka yale magunia, na ile sauti iliyosoma juu ya gamba tupu.

Jumatatu binti yangu alikwenda chuo. Nilimbebea sanduku mpaka stejini Bomet, na mama yake akamfungia chapati za njiani. Alipokuwa akipanda nilimwita, "Chepkoech." Alichelewa kugeuka, kwa sababu hakuwahi kulisikia jina hilo kwa sauti yangu.