Sentensi Niliyompa Ilunga

Nimekosa, jamani, na simsingizii shetani. Ni mimi mwenyewe na wivu wangu!

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa Wakongomani wengi hapa Nchelenge, Zambia, tukinunua samaki wa ziwa Mweru. Ilunga na mimi tulitoka Pweto, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na sote wawili tuliandika hadithi. Jumapili baada ya kanisa tulizisoma kwa sauti sokoni. Za kwake ziliwaliza watu na kuwachekesha. Zangu? Walipiga miayo, mama mmoja akaanza kuchambua dagaa!

Kisha mchapishaji wa Lubumbashi akamwahidi kumtolea kitabu. Roho iliniuma, nisiwafiche. Hata salamu yake ilinikera.

Naye aliniamini. Kila hadithi alinionyesha kwanza. Ya mwisho ilihusu mama mchoyo.

"Unaonaka namna gani, dada?"

"Iko muzuri, lakini uchoyo yake haionekane. Weka: wageni wakipiga hodi, anasukuma nyungu ya samaki chini ya kitanda, anaanza kuimba wimbo ya kanisa."

Alicheka mpaka machozi. "Unatosha wapi ile?" akauliza, akitaka kujua nimeitoa wapi.

"Mu kichwa yangu."

Uongo mtupu! Ndivyo alivyofanya mama mkwe wake, mwenyeji wa hapa, maana Ilunga alioa hapahapa. Mimi niliingia kwa huyo mama kila siku, nikayaona hayo. Ilunga angejuaje? Kwa desturi yao mwanamume hamwoni mama mkwe akila, wala hakanyagi anapolala.

Jumapili akaisoma. Soko zima likaangua kicheko, majirani wakatazamana: wamemtambua! Kabla ya jioni habari ilimfikia mama mkwe. Alipiga yowe kwamba mkwe wake humchungulia ndani akila.

Aibu gani inaishinda hiyo? Na Ilunga hakuruhusiwa hata kusimama mbele yake ajitetee. Nilipaswa kusema tu, "Ni mimi." Nilinyamaza, na moyoni, Mungu anisamehe, nilifurahi. Mama mkwe akamchukua binti yake, mke wa Ilunga, na mjukuu, wakaondoka.

Ilunga akatia karatasi zake zote, na za kile kitabu pia, kwenye moto wa kukaushia samaki. Kisha akapanda mtumbwi kurudi Pweto, siku ambazo wenzetu walikuwa wakija huku kukimbia vita. Nilimsindikiza, akanishika mkono.

"Aksanti, dada. Weye tu njo ulinisaidiaka." Eti mimi tu ndiye niliyemsaidia!

Hatukumsikia tena. Nilitaka kupiga magoti pale mchangani, nikashindwa. Mpaka leo nikiona mtumbwi unatoka upande ule, natafuta uso wake.

Nafasi ya kusoma ikabaki yangu peke yangu. Nilisoma, wakapiga miayo. Walikuwa wakiniuliza Ilunga atarudi lini.

Wewe unayemwonea mwenzako kijicho, mwachie kalamu yake, tafadhali! Maishani mwangu nimeandika sentensi moja tu iliyochekesha soko zima, na siwezi kumwambia mtu kwamba ni yangu.